Chuma Kimejaribiwa, na Mkono Je?



Huko Marekani, mtu mzima asiyezuiwa na sheria aweza kununua bastola, ingawa masharti hutafautiana jimbo kwa jimbo. Asiye na fedha nyingi hutafuta iliyokwisha tumika. Tuchukue mfano wa Glock 19, bastola ndogo ya kampuni ya Austria iliyotoka mwaka 1988, ambayo kasha lake huchukua risasi 15.

Mnunuzi mwenye akili haiamini kwa kuitazama tu. Kwanza huhakikisha kuwa haina risasi ndani. Kisha huifungua, akamulika mtutu, akaangalia springi zisiwe zimechoka. Halafu huenda nayo uwanja wa shabaha, akapiga risasi 200 au zaidi, huku akitazama: risasi yaingia sawasawa? Ganda latoka, au lakwama? Ikikwama hata mara moja, hatulii mpaka ajue sababu.

Hapana wa kumlaumu kwa hayo. Kitu unachokitarajia kikuokoe saa ya hatari, si busara kukiweka pasi na kukijaribu. Na muuzaji ajuaye kuwa bastola yake hukwama, kisha akanyamaza apate bei, huyo hakuuza chuma tu. Ameuza na roho ya mwenziwe.

Lakini wajuzi wa silaha wana jambo moja linalofaa tulizingatie. Bastola ya namna hii hujitia risasi ya pili kwa ile nguvu ya kurudi nyuma inapopigwa. Mkono ukilegea, nguvu hiyo hupotea, na ganda hukwama. Kwa hiyo ikikwama, huulizwa: kosa ni la chuma au la mkono? Swali zuri! Ila huishia pale pale uwanjani. Silaha ikisharudi nyumbani, hapana aulizaye tena.

Basi tuulize sisi. Mkono huu ukighadhibika utakuwaje? Usiku wa deni, au wa talaka, au wa msiba, utategemeka? Katika mwaka 2021, watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa silaha za moto huko Marekani, na zaidi ya nusu yao, kiasi cha 26,000, walijiua wenyewe. Fikiri, ndugu yangu: silaha za hao hazikukwama. Chuma kilifaulu mtihani wake. Aliyeshindwa ni mwanadamu, tena katika saa ya dhiki ambayo pengine ingalipita na asubuhi ikafika. Laiti chuma kile kingalikwama!

Ndiyo maana wako huko wenye hekima ambao, wakiona nyumba imeingiwa na huzuni, humwomba ndugu au rafiki awawekee silaha mpaka mambo yatulie. Huo si woga. Huko ndiko kujijua.

Utasema: "Mimi sina bastola, wala siitaki." Vyema. Lakini una ulimi, una gari, una amri juu ya watoto wako. Kila nguvu uliyopewa ni amana, na kabla ya kuuliza kama chombo ni kizima, jiulize kama mshikaji ni mzima. Chombo hujaribiwa siku moja kikaaminiwa. Nafsi hujaribiwa kila siku, wala haiaminiwi moja kwa moja.