Kusi Isikukute Bila Dawa

Wewe uliye Burgao, Koyama, Chovai au Chula, unayemeza ARV kila siku na pengine nyumbani hakuna anayejua, haya ni yako. Kazi uliyo nayo ni moja: usikipe kirusi cha UKIMWI nafasi. Kidonge chenyewe kimeshathibitika. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100 wanaotumia dawa, 94 virusi vyao vimefubaa. Hao si malaika. Ni wavuvi, mama lishe na waendesha bodaboda, watu wenye madeni na hasira kama sisi. Wao wameweza. Wewe kinakushinda nini?

Si uvivu, hilo nalikataa mapema. Ni bahari. Kutoka Burgao hadi kliniki ya Kismayo ni zaidi ya kilomita 100, na kusi ikishika hakuna nahodha mwenye akili atakayeshusha chombo kidogo majini kwa ajili ya chupa moja ya vidonge. Upande wa pili kuna mpaka na askari wake. Dawa ya mwezi mmoja ikikuishia katikati ya kusi, wiki tatu zitapita ukitazama mawimbi, na kirusi nacho hakikai bure: kinazaliana, na kidogo kidogo kinajenga usugu. Basi ipigie kusi hesabu kabla haijafika. Maleleji ya mwezi wa tatu yakiingia, uwe umeshafika kliniki. Omba dawa za miezi mitatu, ikiwezekana sita. Shirika la Afya Duniani lenyewe linapendekeza hivyo kwa mgonjwa aliyetulia kwenye tiba, kwa hiyo usione haya kama mtu anayeomba fadhila. Ukiambiwa zipo za mwezi mmoja tu, mweleze muuguzi unatoka wapi na chombo chako kinapandishwa pwani mwezi gani. Usiondoke hadi akuelewe.

Na akikufokea kwa kuchelewa? Mvumilie, uchukue dawa yako, urudi tena tarehe ikifika. Ila ninyi wahudumu mnaosoma hapa, mjue kwamba mgonjwa anayetukanwa dirishani harudi, na hapo mmekisaidia kirusi kuliko mlivyomsaidia mtu.

Tukija ndani ya nyumba, kuna ile chupa nyeupe ya plastiki. Ukiitikisa inalia, na katika kijiji ambacho ukuta wako ni ukuta wa jirani, mlio ule unatosha kuzua maneno. Ndiyo maana wengi huvimwaga vidonge kwenye leso au karatasi na kuificha chupa. Usifanye hivyo. Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu, nacho kile kipakiti kidogo kilichomo chupani kazi yake ni kunyonya maji. Kiache humohumo, vidonge viache humohumo, funga kifuniko sawasawa, kisha uivingirishe chupa katika nguo nene ili isitikisike. Meza usiku baada ya Isha, kidonge kimoja. Ramadhani ikiingia hubadilishi kitu, kwa sababu saa yako tayari ni ya usiku. Dawa zenye dolutegravir, zinazotumiwa na wengi siku hizi, humezwa mara moja kwa siku, umekula au hujala. Wajawazito wanaopewa vidonge vya madini ya chuma, na wenye kiungulia wanaotumia dawa za kutuliza asidi, waulize zipangwe saa gani, maana baadhi huizuia dolutegravir kufanya kazi. Na anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huongezewa dozi ya dolutegravir, kwa hiyo usimfiche daktari hata dawa moja unayotumia.

Wala usiiache dawa kwa sababu umenenepa, umepata nguvu na kuna mtu kakuahidi kikombe cha dawa ya miti. Mwaka 2011 maelfu walipanda hadi Samunge, Loliondo, huko Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mzee aliyeitwa Babu kwa shilingi 500, na wapo waliotupa ARV njiani. Kirusi hakikutishwa na kikombe kile.

Sasa nikwambie la kukupa nguvu. Katika utafiti wa PARTNER uliofanywa Ulaya na kutolewa mwaka 2016, jozi 888 zilifuatiliwa, mmoja ana virusi vilivyofubazwa na mwenzake hana. Walikutana bila kondomu mara zipatazo 58,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake aliyekuwa kwenye dawa. Fikiria maana yake kwa kijana wa Burgao anayeogopa kuoa, au kwa mke anayeulizwa kila siku mbona hazai. Kwa hiyo kila ukipimwa wingi wa virusi, uliza umesomeka ngapi. Ukivuka 1,000 usikimbie kliniki. Utapewa ushauri nasaha, utarekebisha kilichokwama na kupimwa tena baada ya miezi kama mitatu, na wengi hushuka.

Peke yako utachoka. Mwaka 2008 huko Tete, Msumbiji, Madaktari Wasio na Mipaka waliwasaidia wagonjwa walioishi mbali na kliniki kuunda vikundi vya watu hadi sita. Kila mwezi mmoja wao alisafiri, akapimwa, akarudi na dawa za wote, na mwezi uliofuata ikawa zamu ya mwingine. Sisi wa pwani na visiwani tunaojua kugawana zamu za demani na zamu za nyavu tunashindwaje na hilo? Hata wawili wanatosha kuanza. Mtafute yule mmoja unayemwamini kuwa hatakutangaza, nendeni pamoja kliniki mwombe muandikwe kama kikundi, kisha mkubaliane nani anapanda chombo cha kwanza kwenda Kismayo maleleji haya.