MCHEZO WA WATOTO NA AMANA YA WAZEE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani yetu ambaye sasa makao yake ni Marekani, ametuletea suali. Asema kwamba mtaani kwake watoto hucheza mchezo uitwao besiboli, na kila Jumamosi wazee hujitolea kuwafundisha pasina ujira. Naye ametakwa awe msaidizi, na mwanawe ni mmoja wa wachezaji. Auliza: Je, kazi hii ina faida yoyote kwa dini yangu, au ni kupoteza wakati?

Twasema: Mchezo usio na kamari, usiofunua tupu wala kupoteza sala, haukukatazwa. Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza, akasema kuwa yeye yu pamoja na kundi mojawapo. Kundi la pili likazuia mikono. Alipowauliza sababu, walijibu kuwa hawawezi kutupa hali yeye yu pamoja na wenzao. Akawaamrisha watupe, kwani yu pamoja nao wote. Basi tazameni, ndugu zetu: nyoyo za wale waliohisi kuachwa zilimshughulisha kuliko kujua ni nani atakayeshinda. Na hilo ndilo somo la kwanza la mwenye kusimamia vijana. Asimpendelee mwanawe kwa kuwa ni mwanawe, wala asimweke kando mtoto dhaifu kwa kuwa hana wa kumtetea.

Kwa wasioujua mchezo huu, mtoto husimama na gongo, na mpinzani humrushia mpira. Akiupiga vyema, hukimbia kupitia vituo vitatu na kurejea pale alipoanzia. Lakini kuupiga ni kazi ngumu, hata miongoni mwa wakubwa wachezao kwa mshahara: mwenye kufaulu mara 3 katika 10 huhesabiwa kuwa ni hodari. Maana yake, hodari huyo hushindwa mara 7, na kila mara hurudi kukaa mbele ya macho ya watu, kisha zamu yake ikifika husimama tena. Mtoto aliyezoea hayo amekwisha onja ladha ya subira. Na Muislamu anayeteleza akatubia, akateleza tena akatubia, asikate tamaa na rehema ya Mola wake, ana haja na subira hiyo hiyo.

Hata Ngamia wa Mtume, Al-Adhbaa, aliyekuwa hashindwi mbio, siku moja alipitwa na ngamia wa bedui. Waislamu wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu kwamba hakiinuki kitu cha dunia ila hukishusha. Basi msaidizi anayemtukana mwamuzi kwa sababu ya mchezo wa watoto, amesahau adabu hii.

Tena imo katika mchezo huu desturi ya kwamba mpigaji huugusa mpira polepole kwa makusudi, akijua ya kuwa yeye atatolewa, ili mwenzake aliyekwisha fika kituoni apate kusogea mbele. Sisi twaijua tabia ya kumtanguliza nduguyo kuliko nafsi yako. Ndiyo sifa ya Ansari wa Madina waliyosifiwa kwayo katika Qur'ani.

Lakini tusidhani kuwa mchezo wenyewe hufundisha wema. Mwalimu ni yule mzee asimamaye kando ya uwanja, na mtoto husoma usoni mwake. Chama cha Little League, kilichoanzishwa na Carl Stotz mjini Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, kilikusudiwa kuwalea watoto kwa mchezo huu. Mwaka 1955, huko Charleston, South Carolina, timu ya watoto weusi ya Cannon Street YMCA iliingia katika mashindano. Timu za weupe zikajitoa, za mji na za jimbo zima, ligi 61, ili zisicheze nao. Watoto wale wakawa washindi wa jimbo bila ya kurusha hata mpira mmoja. Kisha wakaambiwa hawawezi kuendelea mbele, kwa kuwa hawakushinda uwanjani! Walialikwa Williamsport wawe wageni, wakakaa wakitazama wengine wakicheza, na watazamaji wakapaza sauti kutaka nao wachezeshwe. Hawakuchezeshwa. Bendera ya ubingwa wa jimbo lao walipewa mwaka 2002, nao wamekwisha kuwa watu wazima wa makamo.

Ni nani aliyekataa? Si watoto. Mtoto wa miaka 12 akipewa mpira hutafuta wa kucheza naye, hatafuti rangi yake. Waliokataa ni wazee, wale wale waliojitolea kulea. Siku ile waliwafundisha watoto wao somo kubwa kuliko yote, nalo ni somo la dhulma.

Nasi tusiwanyoshee kidole na huku tumejisahau. Je, hapa kwetu hapana baba amwambiaye mwanawe asifuatane na mtoto fulani kwa ajili ya kabila lake, au asili ya babu yake? Hali Qur'ani imetueleza kuwa tulifanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni mcha Mungu zaidi. Mtoto akisikia aya hii chuoni, kisha akayaona ya babake uwanjani, atashika lipi?

Basi jibu letu ni hili: Akubali kazi hiyo, na ainuie kuwa ni ibada. Wakati wa sala ukifika, asali kando ya uwanja bila ya haya. Auzuie ulimi wake. Awape watoto wote zamu kwa uadilifu, wa Kiislamu na wasio wa Kiislamu, kwani tumeamrishwa uadilifu hata kwa wale tunaowachukia, sembuse watoto wa jirani! Na ajue kuwa wao watasahau ni nani aliyeshinda, lakini hawatasahau walivyotendewa.

Na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.