Haki ya Anayeulizwa

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Maneno haya ni kweli, lakini yanahitaji kuongezewa. Kuna mtu aulizaye ili ajue, na kuna mtu aulizaye ili asikie jambo alilokwisha kuliamua moyoni mwake. Wa kwanza ni mwanafunzi. Wa pili ni mtega mtego. Tufikiri pamoja, msomaji: mtu aendaye kuwauliza wengine habari za maisha yao ana deni gani kwao?

Chukua mfano wa Matuga, katika Kaunti ya Kwale, mahali penye tawi la Chuo cha Serikali cha Kenya, ambamo watumishi wa umma hufunzwa kazi zao. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Matuga ilikuwa na watu 194,252, kati ya watu 866,820 wa Kwale nzima. Hesabu kama hiyo humtafuta kila mtu, lakini hufanywa mara moja katika miaka kumi. Haja ya kujua kama maji yanawatosha watu haiwezi kungoja muda huo. Basi mtafiti huchagua watu wachache wawe wasemaji wa wengi. Uchaguzi huo ni jambo la elimu, na ni jambo la haki pia.

Mnunuzi wa nafaka mwenye busara haamini punje za juu ya gunia. Huchoma bambo mpaka ndani, akatoa punje za kati na za chini. Mtafiti naye akifuata barabara kuu itokayo Likoni kwenda Ukunda, ataonana na watu wa Ngombeni, Waa na Tiwi, walio karibu na gari na soko. Akirudi bila ya kufika Mkongani na Kubo, upande wa vilima vya Shimba, ameonja juu ya gunia tu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala hawezi kumsemea. Dawa yake ni kura: kila nyumba, ya karibu na ya mbali, iwe na nafasi ya kuchaguliwa.

Wala usidhani kuwa wingi wa majibu hufuta dhambi ya upendeleo. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest, la Marekani, lilipata majibu zaidi ya 2,000,000, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na wengi walioandikiwa hawakujibu. Maskini hawakusikilizwa, na gazeti likaaibika.

Deni la pili ni swali lenyewe. Ukimwambia mtu, "Je, hukubali kwamba bomba jipya limekufaa sana?" umekwisha kumtia jibu kinywani, naye kwa adabu atalitamka. Muulize, "Jana mlichota maji wapi, na ilichukua muda gani kwenda na kurudi?" Tena muulize yule achotaye. Mkuu wa nyumba aweza kuisifu njia asiyoikanyaga. Mwenye kusema Kidigo aulizwe kwa Kidigo chepesi, na maswali yajaribiwe kwanza kwa watu wachache, yale yasiyoeleweka yasahihishwe.

Deni la tatu ni heshima. Mila zetu zamtaka mgeni apige hodi, na asipokaribishwa aende zake. Anayeulizwa ana ruhusa ya kukataa, na asilipizwe kwa kukataa kwake. Akikubali, maneno yake ni amana. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini mtu mwema asingoje sheria imfundishe kutunza siri ya mwenzake.

Mtu aweza kupinga: "Watu hawa wameulizwa mara nyingi, na visima vyao bado vikavu. Kwa nini waulizwe tena?" Pingamizi hili ni zito. Jawabu langu ni kwamba kuuliza peke yake hakuleti maji, na mtafiti asiahidi asichokuwa nacho. Lakini aliyepewa saa moja ya mtu maskini amekopa mali. Hulipa kwa kurudi kijijini kuwaeleza watu yaliyoonekana, na kwa kuwapelekea wakubwa majibu yote, hata yale yasiyowapendeza. Afichaye jibu chungu amewaibia wote wawili: aliyesema na aliyepaswa kusikia.

Huenda kesho wewe nawe ukapewa karatasi ya maswali. Kabla ya kuondoka, jiulize la kwanza mwenyewe: je, niko tayari kusikia nisilolitaka? Kama hauko tayari, iweke karatasi chini. Kama uko tayari, nenda ukapige hodi.