Je, Asiyekula Ana Kosa?

Yuko mtu aliyekula vema zamani, na sasa akitengewa chakula hukitazama kwa hofu. Akiisha kula, baada ya nusu saa au saa moja tumbo humwuma sana, kisha hutulia. Basi hupunguza tonge siku kwa siku, hata akakonda. Watu wa nyumbani husema, Yu mkaidi, amemchukia mpishi. Mimi nami nalisema hivyo juu ya mzee mmoja, nikamkemea mbele ya wanawe, wala sikumwuliza maumivu huanza saa gani. Kosa lilikuwa langu.

Maana upo ugonjwa wa namna hii hii. Kutoka mshipa mkuu wa damu hutoka mishipa mitatu ilishayo tumbo na matumbo. Mafuta yakigandamana ndani yake, njia huwa nyembamba. Na matumbo yapewapo kazi ya kusaga chakula hutaka damu nyingi, yasipoipata huuma. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Marekani, Shaw na Maynard, walieleza habari za wagonjwa wawili waliofunguliwa mshipa na kuondolewa kizuizi. Tena wapasuaji huweza kuipitisha damu kando: hutwaa mrija wa kitambaa, au mshipa wa paja la mgonjwa mwenyewe, wakaushona mwisho mmoja katika mshipa mkuu, na wa pili mbele ya pale palipoziba. Sisi tuliokulia penye mifereji ya mlimani twafahamu: jabali likianguka mferejini, huchimbwa mchepuko.

Siku hizi wengi huingiziwa kwanza kijimrija cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti, kwa kupitia mshipa wa mkono au wa kinena. Hatari yake ya siku za kwanza ni ndogo, lakini huziba tena mara nyingi zaidi. Mchepuko hudumu zaidi, ila ni kazi nzito kwa mwili uliokwisha kukonda.

Basi, ni nani achague? Wana husema, Sisi ndio tulipao. Ni kweli, na fedha si jambo dogo. Lakini kisu hakiwaingii wao. Naona mgonjwa aelezwe njia zote mbili kwa lugha yake, bila haraka, naye ajibu mwenyewe, hata jibu lake likiwachukiza. Ila maumivu yakija ghafula, makali, yasiyotulia, hapo hapana baraza la ukoo. Matumbo huweza kufa kwa saa chache, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.