Fedha ya Soko Mpe Binti

Gladys West alizaliwa mwaka 1930 katika kaunti ya Dinwiddie, jimbo la Virginia, Marekani, kwa wazazi weusi waliokuwa na shamba dogo. Huko tumbaku ndiyo iliyowalisha watu: asiyeilima aliifanyia kazi kiwandani, na mama yake alikuwa wa kiwandani. Gladys alishinda shambani kama watoto wenzake, ila kilimo hakukipenda. Aliposikia kwamba wanafunzi wawili watakaoongoza darasa watasomeshwa chuo bure, alisoma hadi akawa wa kwanza.

Mwaka 1956, akiwa na shahada zake za hisabati, aliajiriwa na Jeshi la Majini la Marekani katika kituo cha Dahlgren, kilichojengwa kwa ajili ya kujaribia mizinga. Alikuwa mwanamke mweusi wa pili kuajiriwa hapo. Alikaa miaka 42. Kufikia mwaka 1978, iliporushwa Seasat, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza bahari kutoka angani, yeye ndiye aliyekuwa meneja wa mradi wa kuchakata vipimo vyake vya rada.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Setilaiti hutuma wimbi la rada hadi juu ya maji na kupima muda linaochukua kurudi. Bahari haikulala sawasawa kama tunavyoiona tukiwa ufukweni. Mlima ulio chini ya maji una uzito, uzito huo huvuta maji, na juu yake bahari hufura: mlima wa mita 2,000 huinua maji kwa kama mita 2. Anayeweza kupima mwinuko huo hujua umbo halisi la dunia, na hesabu za umbo hilo ni miongoni mwa misingi ya GPS inayomwelekeza dereva wa bodaboda mjini leo. Mwaka 1985 Jeshi la Majini lilirusha setilaiti nyingine, Geosat, na mwaka uliofuata West akaandika mwongozo wa kuchakata vipimo vyake. Sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilifungiwa kama siri ya kijeshi hadi mwaka 1995. Vilipofunguliwa, wanasayansi Walter Smith na David Sandwell walivitumia kuchora ramani ya sakafu ya bahari, wakaonyesha milima ambayo hakuna meli iliyowahi kuipima.

Mzazi akisoma habari kama hii hukimbilia neno moja: bidii. Humwita binti yake, humsimulia, humalizia kwa kumwambia asome. Mimi naona tunakosea mlango. Bidii binti zetu wanayo, tena ya kupindukia. Msichana wa miaka 12 huteka maji, hupika, hubeba mdogo wake mgongoni, huosha vyombo, ndipo afungue daftari saa nne usiku macho yakimfumba. Asichonacho ni madaraka. Anapika chakula cha watu wanane lakini hakuna siku aliyoulizwa kipikwe nini, wala hajashika fedha ya soko zaidi ya ile aliyohesabiwa na atakayodaiwa chenji. Tumemfundisha kutumwa. Kisha akifika miaka 30 tunashangaa kwa nini hagombei uongozi kazini.

Meneja wa mradi ni mtu ambaye kazi ya wenzake husimama au huendelea kwa neno lake, na atalijibia. Hilo hujifunzwa mapema, tena nyumbani. Mpe binti fedha ya chakula ya wiki nzima, umwachie apange. Akikosea hesabu, mle ugali na mchicha mpaka Jumapili, wala usimwokoe Alhamisi. Na saa za jioni za kusoma zilindwe kwa kumpa kaka yake zamu ya vyombo. Nimewasikia akina baba wakisema hilo ni la mama zao. Basi wasilalamike matokeo ya hesabu yakija.

Mfano wa aliyejipangia fedha mapema ni Eileen Collins, aliyekulia Elmira, jimbo la New York. Hakuwa na wazazi wa kumlipia masomo ya urubani. Walichoweza ni kumpeleka kilimani kutazama ndege zisizo na injini zikielea. Masomo alijilipia mwenyewe kwa akiba ya vibarua. Akaingia Jeshi la Anga, akapanda hadi cheo cha kanali, na Julai 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa chombo cha angani cha Marekani, akiwa amebeba darubini ya eksirei iitwayo Chandra. Sekunde chache baada ya kuruka, hitilafu ya umeme ilizima vidhibiti viwili vya injini. Vilivyobaki vikaendelea na kazi, naye akaripoti taa ya tahadhari kwa sauti isiyotetereka. Chandra ikafika mahali pake.

Ukoo wa darubini hiyo unapitia kwetu. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo ikaitwa Uhuru. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend wa NASA, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara ya Jeshi la Majini akishughulikia mitambo ya kusaka nyambizi.

Mzazi makini atauliza: je, nimlelee mtoto jeshi? Ni swali la haki, wala tusilifunike kwa sherehe. Vipimo vya Geosat vilifichwa kwa sababu vilisaidia pia kulenga makombora kutoka nyambizi, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Ndiyo maana nasisitiza uamuzi kuliko utii. Aliyelelewa kutii tu, akipewa amri mbaya ataitekeleza kwa bidii ileile tuliyomsifia.

Limebaki la wavulana. Townsend alilea wanne, nao walimwona mama akisimamia mradi wa setilaiti. Wa kwetu wengi hawajawahi kupewa maelekezo na dada yao wakayafuata. Kama wiki hii fedha ya soko iko kwa binti, kaka yake akaombe kwake nauli, na akiambiwa atembee, atembee.