TUIOMBEE NA NCHI TULIYOMO
Somo: Yeremia 28 na 29



Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, makesha yetu hapa Nyarugusu yamejaa ombi moja: safari. Silikatai. Mimi na mke wangu tuna faili letu, na nimelifungia na kulililia siku nyingi. Lakini nimegundua kwamba nikipiga magoti, kingine sikitaji. Sitaji mvua wala jirani, na watoto wangu nawaombea safari tu.

Wayahudi waliohamishiwa Babeli walikuwa na shauku hiyo hiyo. Hanania akatabiri kwamba katika miaka 2 watarudi. (Manabii wa namna hiyo tunao hata kambini, na wengine hupokea sadaka kwanza.) Yeremia aliwaandikia barua akataja miaka 70. Akawaambia wajenge, wapande, waoze watoto wao, tena wauombee mji ule ule wa waliowateka, kwa kuwa ukikosa amani na wao wataikosa.

Kumwombea Mbabeli, ndugu zangu! Wenyeji wetu hawakututeka, walitupokea tangu 1996. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuiombea Kasulu? Tukikutana porini kwenye kuni, tunagombana. Mama mmoja wa kanisa letu alinyang'anywa panga na kijana wa kijijini. Nikamwambia tumwombee yule kijana. Akaniangalia, akasema, "Mchungaji, anza wewe, mimi nitaitikia Amina baadaye." Nilicheka, ila niliona aibu, maana sikuwa nimeanza.

Danieli alizeekea uhamishoni. Aliomba mara 3 kwa siku, madirisha yakielekea Yerusalemu (Dan. 6:10), wala hakuacha kupatamani kwao. Lakini hata adui zake walipochunguza kazi aliyoifanya katika nchi ile ya ugeni, hawakuona kosa. Yeye hakungoja arudi ndipo aishi. Kuna ndugu hapa wameacha kulima bustani kwa sababu waliambiwa wataondoka kabla ya mavuno.

Kesha la Ijumaa litaanza saa 3 usiku. Saa ya kwanza yote ni ya wenyeji wetu: mashamba yao, watoto wao, wagonjwa wao, na yule kijana wa panga. Faili zetu zitafuata. Njooni na mikeka na tochi. Mama yule amesema atakuja.