Mama mmoja kutia saini

Katika mjadala mmoja wa chuo hapa Bukavu, mwanafunzi wa kike aliuliza nadharia ya uhusiano wa kimataifa ingekuwaje kama ingeandikwa na wanawake wanaokimbia vita. Msemaji mkuu akamkata: mkataba wa amani wa Washington kati ya Kongo na Rwanda, wa tarehe 27 Juni 2025, ulitiwa saini kwa niaba ya Kongo na waziri wake wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, naye ni mama, sasa mnataka nini tena? Ukumbi ukapiga makofi. Binti akakaa chini.

Wanaosema nadharia ya kifeministi, ambayo swali hilo linaigusa, ilizaliwa ughaibuni wana haki ya kuihoji, na wanaokumbusha kwamba wanaume nao huuawa na kubakwa Kivu wanasema kweli.

Lakini jibu lile la saini linaniudhi mno. Limegeuza swali la fikra kuwa hesabu ya vichwa. Mwanazuoni wa kifeministi Ann Tickner alipomkosoa Hans Morgenthau, mwananadharia wa uhalisia wa kisiasa, mwaka 1988, hakuwa akidai viti. Alionyesha kwamba kanuni zinazoitwa za binadamu wote zimechotwa katika maisha ya wanaume, na nguvu ikafanywa kuwa ni kumtawala mwenzako tu. Waziri yeyote, mama au baba, anayefika Washington anakuta mambo yameshapangwa: mipaka, waasi wa FDLR, hatua za kujihami za Rwanda, uchumi wa madini. Anatia saini kama dola, na dola haiamki usiku kubeba watoto. Mji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari mwaka huo, na M23 hawakuwa upande wowote wa mkataba ule. Dola mbili zilielewana juu ya mji ambao kizuizi chake kilishikwa na mtu wa tatu. Azimio 1325 la Baraza la Usalama, kuhusu wanawake, amani na usalama, lipo tangu Oktoba 2000, na bado wakubwa wanaridhika na picha ya mama akitia saini.

Mimi nikisikia neno mpaka, nawaona akina mama wanaovuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, na kurudi na nyanya. Wanajua afisa gani hudai pesa, saa gani foleni hupungua, uvumi upi ni wa kuaminika. Bei ikiruka sokoni, wanahisi hatari kabla redio haijasema lolote. Kabla ya saa sita mchana wameshabishana na maofisa wa nchi mbili, na hakuna mwanadiplomasia anayewauliza kitu.

Ila baadhi yao huwasema majirani wa ng'ambo kwa ukali ambao jenerali angeupenda. Hapo ninakwama. Kuwasikiliza si kukubali kila wanachosema, na kigezo cha kutenganisha hayo mawili, bila kuturudisha kwa Morgenthau, bado sijakipata.